Gari Lililozimwa Juu ya Reli

Maiti ya mwanamke ilikutwa imeng'ang'ania kitasa cha mlango. Treni ilikuwa imelikokota gari mita sitini na kulikunja kama kopo. Vidole viwili havikuwa na kucha. Zilibaki zimenasa mlangoni.

Mumewe, fundi majokofu mwenye miwani mizito, alikuwa ameketi kwenye kokoto za reli, viganja vinavuja damu.

"Mtie pingu," alisema mkuu wa kituo cha polisi. "Kashuka yeye, mke kamwacha ndani. Gari la mkopo hilo. Kaua apate bima."

Hakuinama hata kuitazama maiti. Wakubwa ndivyo walivyo, faili wanalifunga kabla halijafunguliwa.

Inspekta alimhoji mume mahabusu.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Mke wangu. Kwa macho haya leseni nilinyimwa. Mkopo ndio wangu, usukani wake. Kila asubuhi alikuwa ananipeleka kazini."

"Ikawaje?"

"Gari likazima katikati ya reli. Nikashuka nisukume. Nikasikia ka! Milango yote imejifunga. Akaanza kuniita, 'Baba watoto, fungua! Fungua bwana!' Nikapiga kioo kwa jiwe. Nikapiga, afande. Treni ikatokea konani."

"Na bima ungelipwa wewe?"

Mume alicheka kicheko kibaya. "Afande, umewahi kukopa chombo?"

Inspekta alikuwa anakatwa mshahara kwa ajili ya pikipiki, kwa hiyo alijua. Kadi ya chombo inakaa na kampuni ya mkopo mpaka umalize deni. Gari likigongwa, bima inailipa kampuni. Mkopaji anabaki na ufunguo mfukoni. Mkuu wa kituo angejulia wapi? Gari lake kapewa, na mafuta juu.

Fundi wa polisi alibomoa dashibodi, akatoa kisanduku cheusi kidogo kama kiberiti.

"Hiki wanakifunga wenye mkopo," alisema. "Ukichelewa kulipa, wanakuzimia gari wakiwa ofisini kwao. Hata milango wanaifunga. Ikifungwa hivyo haifunguki, uwe ndani uwe nje."

Mkuu akapiga simu. "We Inspekta, unatafuta nini kwa watu wa mikopo? Mtuhumiwa si unaye? Kesho asubuhi anapanda kizimbani kwa mauaji."

"Basi nina leo, mkuu."

Meneja wa marejesho wa kampuni ya mkopo alimpokea kwa tabasamu la kazini. Shati jeupe, kiyoyozi kinavuma, ukutani skrini yenye vidoti vya kijani, kila kidoti gari la mtu.

"Poleni sana, afande. Mfumo unazima wenyewe anayechelewa."

"Mkataba wenu unasema gari linazimwa likiwa limeegeshwa."

"Itakuwa hitilafu."

Inspekta alimgeukia karani aliyekaa kwenye kompyuta. "Dada, nichapie kumbukumbu za gari hilo. Za leo."

Karani alichapa. Inspekta akasoma kwa sauti.

"Saa moja na dakika kumi na nne, zima. Na kumi na tano, mlango wa abiria umefunguliwa. Na kumi na sita, funga milango." Akaiweka karatasi mezani. "Hitilafu gani hiyo inayosubiri mtu ashuke? Na amri hizi zimetolewa kwa nywila ya nani?"

Karani ndiye aliyejibu, polepole. "Ya bosi."

Jasho lilimtoka meneja kwenye baridi ile.

"Makao makuu wamenipa mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Nirudishe fedha za magari yote au nifungashe virago. Lile lilikuwa limechakaa. Ukilinyang'anya na kulipiga mnada hupati hata nusu ya deni. Likipata ajali, bima inalipa thamani ya gari. Linabaki pengo."

"Pengo unaliziba na nini?"

"Bima ya mkopo. Mkopaji akifa, wanalipa lote."

"Na treni?"

"Ratiba ninayo. Siku ya tatu hii nalivizia pale relini."

"Kwa nini ulifunga milango?"

"Mlango uliofunguliwa ni wa abiria. Nikajua mke ndiye ameshuka, mkopaji yuko kwenye usukani. Nani angejua mtu anakopa gari asiloweza kuendesha?"

Inspekta alimfunga pingu. Meneja hakuzitazama. Alikuwa anatazama skrini, pale kidoti kimoja kilipokosekana.

"Hasara tupu," alisema. "Yule mama hakukatiwa bima."