Mgonjwa wa Kitanda cha Tisa Amegeuzwa

Saa nne asubuhi kishikwambi cha wodi kililia, na muuguzi akasoma: "Kitanda cha tisa. Mgonjwa amegeuzwa." Chini yake, jina lake mwenyewe. Na kitanda cha tisa hakikuwa na mtu tangu juzi.

"Wewe ndiye uliyenijazia kwenye mfumo?" akamnong'oneza mwenzake.

"Nikujazie wewe! Alama zangu zenyewe zinachechemea."

Aliyelala kitanda hicho alikuwa bibi aliyepooza, wa kugeuzwa kila baada ya saa mbili mgongo usioze. Lakini mfumo ule wa kupima kazi ukichelewa kuujaza unakupaka nyekundu, na nyekundu tatu unaitwa ofisini. Basi yeye, mjanja wa wajanja, kila asubuhi alijaza alama za kumgeuza za siku nzima, kisha kazi nyingine zikammeza. Bibi akafa na kidonda cha kuingia ngumi. Maiti ilitolewa saa sita. Mfumo ukasema saa nane amegeuzwa.

Saa sita kikalia tena. Chuma cha kitanda kikakwaruza, godoro tupu likabonyea upande wa ukutani, na harufu ya kidonda ikatanda.

Mama mfagizi akadondosha fagio. "Mwanangu, hilo jini. Limekuja kufanya zamu ya mtu. Kama ni yako, kaseme kweli."

Muuguzi akaenda kwa msimamizi wa wodi. "Dada, yule bibi sikumgeuza. Nilijaza tu."

"Shusha sauti! Wodi yetu ndiyo ya kwanza hospitali nzima, ripoti imeshakwenda juu. Wanawe wamezika, wametushukuru. Unataka tufukuzwe wote? Rudi kazini."

Akarudi, na tusimsifie bure: moyoni alifurahi kuzuiwa.

Saa nane kishikwambi kikalia, wagonjwa wote wakageukia ukutani kama walioamriwa, harufu ikampanda hadi kooni, na miguu ikampeleka kitanda cha tisa, mwenyewe hataki, akainama, akapenyeza mikono chini ya shuka tupu kama alivyofundishwa, mmoja begani, mmoja kiunoni, akakuta uzito, uzito wenye joto, uliolowa, na pumzi ya kizee ikampuliza shingoni.

"Taratibu, mwanangu," ikasema. "Mkubwa wako umemwambia. Wanangu je, utawaambia lini?"

Muuguzi akavuta mikono. Haikutoka.