Kipande cha Mama

Lifti moja tu ndiyo ilikuwa nzima siku ile, na watu wa hospitali nzima walikuwa wanaisubiri. Kinyozi mmoja, shati lake la bluu limenyooshwa vizuri lakini macho yamechoka, alibanwa nyuma ya dada mwenye koti jeupe aliyekumbatia boksi lenye matundu. Boksi likakwaruza.

"Dada, mzigo wako unataka kutoka."

"Ni panya. Nyamaza, watu watakimbia."

"Wakikimbia si vizuri? Tutapanda wawili."

Akacheka, na mapenzi yakaanzia hapo.

Dada yule alikuwa mtafiti wa saratani ya utumbo mpana. Jioni moja alipita kibandani kwa kinyozi, akakaa kwenye kiti cha wateja, akazungumzia kazi yake. Alitakiwa kuchagua panya wa kujaribia dawa, na kila aina ilikuwa na kasoro yake.

"Kuna wanaolishwa sumu mpaka uvimbe uote. Kuna wanaozaliwa nao, ila kwao huota zaidi kwenye utumbo mwembamba. Halafu kuna wasio na kinga kabisa. Hao unawapandikiza kipande cha uvimbe wa mtu. Wewe ungechagua wepi?"

"Wa kipande cha mtu. Anayetaka kujifunza kunyoa anyoe kichwa, asinyoe boga."

"Kinyozi wangu ana akili."

"Ya kukupenda wewe tu."

Akachagua hao. Asilolijua ni kwamba mama wa kinyozi alikuwa na ugonjwa huohuo, na alipopasuliwa alikubali, mwanawe akiwapo, kipande chake kipelekwe kwa watafiti. Kwao neno saratani halikutamkwa. Mama alikuwa "anaumwa tumbo", basi, na kinyozi naye alimwambia mpenzi wake hivyohivyo.

Mchana mmoja simu ikalia kibandani.

"Mpenzi, kimeshika."

"Nini kimeshika?"

"Kipande. Panya wote wamekipokea, kinakua kama mchicha uliomwagiwa maji. Cha mama mmoja hivi, alipasuliwa wiki ile ya mvua kubwa. Kikali ajabu. Nimebahatika."

Hata hayo machache hakuruhusiwa kuyasema, ila furaha ilimzidi.

Upande wa pili mashine ya kunyolea ikazimwa.

"Mbona huongei, baba?"

"Hongera," alisema kinyozi, akakata.

Tangu hapo hakupokea simu. Mtafiti alilia, akaamini yupo mwingine. Akavaa gauni lake la kijani, lile alilosifiwa, akaenda kibandani kugombana. Kumefungwa. Fundi cherehani wa jirani akamtazama kwa huruma.

"Yuko kwao. Mama yake amezidiwa na ile saratani ya tumbo. Alipasuliwa kipindi cha mvua, hukujua?"

Mtafiti akaketi kizingitini.

Mtafiti alipofika kwao, kinyozi alisimama mlangoni bila kumpisha.

"Umekuja kuona kinavyokua?"

Kabla hajajibu, sauti nyembamba ikatoka ndani. "Ni yule wa panya uliyenisimulia? Mpishe, mwanangu."

Mama alikuwa amebaki mifupa na macho. "Panya wangu hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Wajukuu sijapata, nimepata wenye mikia." Alicheka peke yake. "Sema kweli. Dawa inawasaidia?"

"Ya kwanza imeshindwa. Ya pili ndiyo tunaanza."

"Basi usiharakishe kwa ajili yangu ukaja kukosea."

Akafariki kabla majibu ya ile ya pili hayajatoka.

Msiba ulipokwisha, kinyozi alitokea kwenye korido ya maabara, ndevu zimeota ovyo, yeye mwenye kunyoa watu.

"Ya pili?"

"Uvimbe umenywea. Kwa wengi, si wote."

"Ingemfaa mama?"

Angeweza kumdanganya kwa upole. Hakumdanganya. "Sijui. Panya si mtu."

Kinyozi akaegemea ukuta, akalia kilio ambacho hakukilia kaburini. Mtafiti alisimama karibu naye bila kumgusa, mpaka kikapungua.

"Siku ile ulifurahi," kinyozi alisema.

"Nilifurahi. Nisamehe."

"Na mimi nilikuficha." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Sasa kile kilichobaki mtakifanyaje?"

"Tutawapandikiza panya wengine, tujaribu tena."

Kinyozi akautazama mlango wa maabara ambao nyuma yake kitu kilichomuua mama yake kilikuwa bado kinaishi.

"Kikishika tena, usinipigie simu," akasema. "Uje uniambie nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu sisi wawili."