Mji wa Wasahaulifu

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, mimi na mjomba tulitoka nyumbani pamoja. Yeye alitangulia kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, nami nilimfuata na begi mgongoni na sanduku lake la vifaa kichwani. Mjomba ni fundi viatu. Miguu yake haijambeba tangu utotoni, lakini mikono yake inafungua kila kifuniko kilichowashinda majirani, na ulimi wake ndio usiseme.

"Tembea, kiranja!" alikuwa akiniambia. "Mwenye miguu miwili unaachwa na asiye na hata mmoja?"

Kiranja ndilo jina alilonipa tangu nilipochaguliwa kuwa kiranja wa darasa la sita, na nililipenda kuliko jina langu. Kazi yangu ilikuwa kutunza daftari la darasa. Humo niliandika wachelewaji, wapiga kelele na vitu vilivyoibwa. Mwisho wa mwezi mwalimu mkuu alisoma madaftari yote, na darasa lenye makosa machache lilipewa kibendera cha kijani cha kutundika juu ya mlango. Kilikuwa kwetu miezi miwili mfululizo. Nilipita chini yake nimeinua kidevu.

Jumanne moja nilipotoka shuleni nilimkuta mjomba kwenye kona yake, barazani kwa duka la madaftari. Amekaa kwenye kigoda, viatu vimemzunguka, mikono ameiweka magotini. Mjomba hakai bure hata siku moja, kwa hiyo nilijua kuna jambo.

"Baiskeli imekwenda," alisema. "Ilikuwa pale pembeni, nyuma yangu. Mtu kaja na kiatu kizima kabisa, ananihoji kama hakimu: soli hii ya nini, uzi huu wa nini. Mimi namjibu, mwenzake anaondoka na miguu yangu."

Mlinzi wa duka alimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Mjomba, mtu anayemtania hata mwenye nyumba, siku hiyo hakumtania hata aliyembeba. Mama alipomwona aliacha mwiko ukaanguka. Sote tulielewa. Bila baiskeli hafiki kwenye kona, na bila kona yeye si fundi tena. Angebaki kitandani akihesabu mabati ya paa.

Kesho yake mama alinichukua tukaenda kituo cha polisi. Juu ya kaunta palikuwa na picha kubwa ya Mkuu wa Polisi wa Jiji. Sare yake ilikuwa imenyooshwa kiasi kwamba mji mzima ulimwita Bwana Pasi. Chini ya picha palikuwa na bango lenye maandishi makubwa: WIZI MWEZI HUU: SUFURI. Nilifurahi kidogo. Nilidhani tumefika mahali ambapo mwizi hana pa kupumua.

Konstebo wa kaunta alikuwa na madaftari mawili, jekundu na la bluu. Alivuta la bluu.

"Haya, mama. Imepotea lini?"

"Haikupotea, mwanangu. Imeibwa."

"Ulimwona mwizi?"

"Ningemwona, ningekuletea hapa nimemshika sikio."

"Basi kama hukumwona, imepotea." Akaandika.

Nilichungulia jalada. Lilisema: MALI ILIYOPOTEA. Lile jekundu la wizi lilikuwa na vumbi jembamba juu yake, na mtu alikuwa ameliwekea kikombe cha chai.

"Sasa nani ataitafuta?" mama aliuliza.

"Mama yangu, kitu kilichopotea hutafutwa na mwenyewe. Kikiletwa hapa tutawaita."

Sikuwahi kusikia upuuzi wa namna hiyo. Baiskeli nzito kama kitanda cha chuma imepotea, kana kwamba ni kifungo cha shati! Tulipokuwa tukitoka aliingia bibi mmoja akilalamika kwamba kamba yake imeanuliwa nguo zote zikiwa mbichi. Konstebo alivuta tena daftari la bluu. Nguo za bibi nazo zilikuwa zimepotea.

Nyumbani mjomba alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. "Kumbe mwenye kosa ni mimi. Nimezubaa nikapoteza kitu nilichokuwa nimekipa mgongo."

Ijumaa yake, Bwana Pasi mwenyewe alikuja shuleni kwetu kutueleza kazi yake. Asubuhi hiyohiyo mwalimu wa Kiswahili alikuwa ametufundisha vitenzi. Aliandika ubaoni 'imepotea' na 'imeibwa', akagonga chaki kwenye neno la pili. "Hapa mtenda hatajwi," alisema, "lakini yupo. Kitu hakijiibi." Sijui kama alijua habari za mjomba. Mimi nilinakili maneno hayo kwa wino mwekundu.

Bwana Pasi alisimama mbele yetu ukumbini, mikunjo ya suruali ingeweza kukata kitunguu. "Mkuu wa polisi wa jiji analinda raia na mali zao," alisema. "Ninapanga doria. Ninasimamia vituo vyote tisa. Ninasikiliza malalamiko ya wananchi, hata wakimlalamikia askari wangu. Na matunda mnayaona: huu ni mwezi wa tatu bila wizi hata mmoja!"

Walimu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilimtazama nikaona ni kofia tu iliyovikwa mtu. Nikanyoosha mkono.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, binti. Uliza."

"Afande, watu wa mji huu ni wasahaulifu sana?"

Wenzangu walicheka. Yeye pia alitabasamu. "Kwa nini unasema hivyo?"

"Mjomba wangu hatembei. Ana baiskeli ya magurudumu matatu. Tulipeleka habari kwamba imeibwa, kituoni wakaandika imepotea. Sasa naomba kuuliza: mtu asiyetembea akiisahau baiskeli yake mahali, anarudije nyumbani?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Bwana Pasi aliuliza kituo gani, nikamtajia. Aliuliza daftari gani.

"La bluu, afande. Jekundu linawekewa chai."

Alivaa kofia, akaondoka bila kumaliza soda yake. Mwalimu mkuu alinitolea macho ambayo sitayasahau.

Darasani nilipokewa kama mshindi. Nilipanda juu ya benchi, nikabana makwapa, nikaanza kumwigiza. "Mkuu mzima!" nilisema. "Anafuta neno, anadhani amefuta mwizi! Funika kombe mwanaharamu apite! Hivi huyu naye ni kiongozi?" Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilizidi kumdharau kwa sauti.

Ndipo akazungumza msichana wa karibu na dirisha, yule tuliyemwita Kimya kwa sababu husema mara moja kwa wiki.

"Na mkebe wangu je, kiranja?"

"Mkebe gani?"

"Wa jiometri. Nilikuambia umeibwa. Ukasema nimeupoteza mwenyewe, nikatafute vizuri."

Kicheko kilikatika. Nilishuka kwenye benchi polepole. Nilikumbuka mkebe wa Kimya. Nikakumbuka pia sweta la yule mwenye miwani, chupa ya maji ya jirani yake na kalamu ya wino ya mgeni aliyehamia mwezi uliopita. Wote walinijia, wote niliwaambia watafute vizuri, na sikuandika hata kimoja, kwa sababu ya kile kitambaa cha kijani juu ya mlango. Nyani haoni kundule. Nilikuwa na daftari la bluu langu mwenyewe, na nilikuwa nimelitunza vizuri kuliko konstebo.

Ningesema ukweli siku ileile ningekuwa mtu wa maana. Sikusema. Madaftari yalikuwa yasomwe Jumanne, na bado nilikitaka kibendera. Nilikaa Jumamosi na Jumapili nikijionea haya, huku mjomba akihesabu mabati. Alisema yako ishirini na mawili, na moja lina tundu.

Jumatatu jioni mlango uligongwa. Alikuwa Bwana Pasi, peke yake. Gari lake halikuweza kuingia uchochoroni kwetu, kwa hiyo alikuwa ametembea, na tope lilikuwa limemfika nusu ya muundi. Mikunjo ya suruali ilikuwa imeshindwa. Mama alimfutia kiti, lakini yeye alikaa kwenye kigoda cha mjomba.

"Nimekaa na madaftari ya bluu tangu Ijumaa," alisema. "Baiskeli kumi na nne zimeandikwa zimepotea kwa miezi mitatu. Tisa kati yake ni kwenye barabara moja. Mtu yeyote angeona hapo pana genge, kama wizi ungeandikwa kwa jina lake. Hatukupeleka doria hata moja, kwa sababu karatasi zangu zilisema pako salama."

"Na karatasi zako ziliambiwa na nani?" mjomba aliuliza.

Bwana Pasi alijikuna shingo. "Mwanzoni mwa mwaka niliwaambia wakuu wa vituo kwamba sitaki kuona wizi kwenye taarifa yangu."

"Nao wakahakikisha huuoni."

"Kaka!" mama alimkemea.

"Mwache, dada," Bwana Pasi alisema. "Amesema kweli."

Mjomba hakuwa mtu wa kuachia hapo. "Afande, mimi nikiwaambia wateja wangu sitaki kuona viatu vibovu, watavificha vyote uvunguni. Nitakaa barazani nikijisifu kwamba mji mzima una viatu vipya. Na watu watapita mbele yangu wakichechemea."

Bwana Pasi hakucheka. Alisema alikuwa amekusudia kumwadhibu yule konstebo, kisha akakumbuka kwamba amri ilikuwa yake. Siku hiyo asubuhi askari walikuwa wameingia kwenye kibanda cha kuchomelea vyuma nyuma ya barabara ile. Walimkuta yule mteja wa kiatu kizima na mwenzake. Baiskeli ya mjomba ilikuwa humo, kiti kimekatwa, wanaigeuza mkokoteni wa kubebea madumu ya maji. Ilikuwa imekwishapigwa picha kwa ajili ya kesi, na fundi alikuwa akirudishia kiti.

"Kesho utaipata," alisema. "Bango nimelitoa. Nitaweka jingine lenye hesabu ya kweli. Litaniaibisha."

"Litakuaibisha," mjomba alikubali bila huruma hata chembe. "Lakini hilo nitalisoma."

Asubuhi iliyofuata niliwahi shule kuliko wote. Nilifungua daftari nikaandika: mkebe wa jiometri, umeibwa; sweta, limeibwa; chupa ya maji, imeibwa; kalamu ya wino, imeibwa. Kisha nikasimama mbele ya darasa, mbele ya mwalimu, nikasoma yote, na nikaeleza kwa nini sikuyaandika mapema. Mwalimu wa darasa hakunigombeza. Alifunga mlango akasema, "Sasa tuna kazi." Kabla ya saa sita mvulana mmoja wa nyuma alikuwa amekwenda kwake faragha akilia, na mkebe, sweta na kalamu vilikuwa mezani. Chupa ya maji ilikuwa imekwisha kuvunjika. Kimya alifungua mkebe wake, akahesabu vifaa, akaniangalia. "Asante," alisema, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la wiki.

Siku hiyohiyo tulinyang'anywa kibendera. Nilikitungua mwenyewe nikakipeleka darasa la tano. Kiranja wao alikipokea ameinua kidevu.

"Daftarini mwenu mmeandika kila kitu?" nilimuuliza.

Alinitazama kwa dharau, kama nilivyozoea kuwatazama wengine.

Jioni nilimkuta mjomba kwenye kona yake. Baiskeli ilikuwa ukutani, safari hii mbele yake, kiti kimechomelewa upande kidogo. Nilimsimulia yote, hata yale ya kuaibisha. Alipiga msumari wa mwisho kwenye soli, akaiweka nyundo pembeni.

"Sikiliza, kiranja," alisema. "Mkubwa akichukia habari mbaya, hataletewa habari njema. Ataletewa uongo, tena umepigwa pasi. Bwana yule ana vituo tisa, wewe una darasa moja, lakini kazi yenu ni moja: kutazama palipo pachafu na kupaita kwa jina lake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umekosa kibendera. Kimya amepata mkebe. Sasa niambie, wewe ulichaguliwa kwa ajili ya nani?"

"Ya Kimya," nilisema.

"Basi." Alijivuta kwenye baiskeli, kiti kikalia kwa uzito wake, akanikabidhi sanduku. "Tembea, kiranja. Usije ukaniacha nikapotea."