Papa Mjamzito kwenye Jarife

Wanawake wenzake walimpa jina la Machachari, kwa kuwa hakujua kutulia. Maji yakianza tu kupwa, yeye alikuwa tayari mlangoni kwa wifi yake, kamba begani.

"Wifi, bahari haikungoji umalize chai."

"Na mimi siingoji bahari," wifi yake alijibu, akaendelea kunywa.

Wawili hao walilima mwani. Walifunga vipande vidogo vya mwani kwenye kamba, wakaziwamba kamba hizo chini ya maji kwa vigingi, wakavuna mwani ulipokomaa. Kwa miaka mingi walilima pale maji yanapofika magotini. Kisha maji hayo yakaanza kupata joto kupita kiasi. Mwani ukapauka, ukalainika, ukakatika wenyewe. Ikabidi wahamishe kamba mbele, kwenye maji ya kifuani, ambako kulikuwa na ubaridi.

Huko ndiko walikokutana na papa.

Machachari alikuwa ameinama akikaza fundo. Kivuli kirefu kikapita mbele yake, pole pole, kikizifuata kamba. Alipoinua kichwa aliona pezi. Wifi yake alikuwa ameshatimua mbio, akiyapiga maji kwa mikono na miguu, kilemba kikielea nyuma yake.

Machachari akamfuata, wakafika nchi kavu wakihema. "Mimi na kule basi tena," wifi alisema. "Nitalima mchicha."

Mume wa Machachari alikuwa mvuvi. Aliposikia habari hiyo aliinuka. Alitoa jarife, wavu wa matundu makubwa wa kukamatia papa.

"Nalitega leo," alisema. "Akinaswa, mmepona."

"Tega," Machachari alimwambia. "Mwani ukituharibikia kule pia, hatuna pengine."

Asubuhi walikuwa wakisukuma boti majini wakati jirani yao alipowafikia. Alikuwa afisa wa uvuvi, mwanamke mcheshi aliyeishi nyumba ya pili kutoka kwao.

"Nasikia mna mgeni," alisema. "Nibebeni na mimi nikamwone."

Maboya ya jarife yalikuwa yamezama nusu. Mume akavuta wavu, ukamshinda. Machachari akaja kusaidia. Taratibu mgongo wa kijivu ukapanda juu, mkubwa kuliko walivyotarajia, kisha tumbo jeupe, limetuna kama gunia lililojaa.

"Jamani, ni jike," afisa alisema kwa sauti ya chini. "Ana mimba. Na bado mzima."

Machachari alisahau woga wake. "Samaki gani huyu mwenye mimba? Hatagi mayai?"

"Papa wa aina hii huzaa watoto hai, tena wachache. Na hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Dagaa ukiwavua leo, hawakawii kuongezeka. Huyu ukimuua, umefuta ukoo."

"Sasa huku amefuata nini? Zamani hawakuwa wakija."

"Nyinyi mlihama magotini kwa sababu gani?"

"Joto," Machachari alisema. Akamtazama papa yule kwa jicho jingine.

"Basi na yeye ni hivyo hivyo. Bahari inapata joto. Mahali alipozoea kuzaa huenda hapafai tena. Anatafuta maji ya kulelea watoto."

Mume hakuridhika. "Nikimwachia, kesho atamla mke wangu."

"Shemeji, jana alipita karibu na mkeo asimguse. Huyu chakula chake ni samaki. Papa wa namna hii humuuma mtu kwa nadra, hasa akichanganyikiwa. Maji yakiwa machafu, pakiwa na damu, au mtu akipapatika kama samaki aliyejeruhiwa."

"Wifi yangu alipapatika kweli kweli," Machachari alisema, na hata mume akacheka. Kisha Machachari akamnyooshea mumewe mkono. "Nipe kisu."

Mume aliutazama wavu wake. Akalitazama lile tumbo. "Ngoja, nitakata mwenyewe. Wewe shika hapa."

"Mikono mbali na mdomo," afisa aliwaonya.

Nyuzi zikakatika moja baada ya nyingine. Papa hakutikisika. Akaanza kuzama kama gogo, ameshikwa na kipande cha mwisho cha wavu.

"Tumechelewa," mume alisema.

"Bado. Mgeuzieni kichwa kule mkondo unakotoka. Maji yapite kwenye mashavu yake, apumue."

Machachari akavuta wavu kwa nguvu zake zote, mume akageuza boti. Mashavu ya papa yakafunguka, yakafunga, yakafunguka tena. Mkia ukatetemeka. Mume akakata uzi wa mwisho, na papo hapo mkia ukapiga maji kwa kishindo, ukawalowesha wote watatu. Papa akaenda zake. Machachari alijikuta amesimama kwenye boti akicheka, maji yakimchuruzika usoni.

Wakiwa njiani kurudi, afisa aliwaeleza namna ya kufanya kazi kule mbele. Wasiingie kiza kikikaribia wala maji yakiwa na tope. Waende pamoja. Wasimwage matumbo ya samaki karibu na kamba. Wakimwona papa, wasikimbie. Wamtazame, warudi nyuma taratibu.

"Tena mna faida," aliongeza. "Wale samaki tasi wanaokula mwani wenu wanamwogopa papa. Akiwa jirani, hawatulii mezani."

Machachari hakuliamini neno hilo mpaka alipokwenda kujionea. Wiki zilizofuata alikagua kamba zake. Mwani uliotafunwa ulikuwa umepungua. Matawi yalikuwa manene, yamefunga. Akamvuta wifi yake mkono, akamwonyesha, na yule wifi akaingia majini hatua kwa hatua, akinong'ona dua.

Wavuvi nao wakakutana. Mume wa Machachari ndiye aliyesimama kuwasimulia, na wote wakakubaliana kutotega jarife tena kwenye maji yale ya mwani.

Siku ya mavuno boti ilijaa mwani mpaka juu. Mume alikuja kuubeba. Walipopita kando ya kamba za mwisho, aliona vivuli vidogo vikipishana chini, vyembamba, kila kimoja na pezi lake.

Akazima injini, akashika kasia.

"Taratibu," aliwaambia wanawake, ingawa aliyekuwa akiendesha ni yeye. "Kuna watoto."