Rezista ya Mwisho wa Waya

Duka la vipuri vya elektroniki lilikuwa limefurika watu, na siku hiyo mwenye mkono mwepesi ndiye aliyepata. Fundi wa bodi, binti mwenye kitambaa cha njano kichwani, alidaka pakiti ya mwisho ya rezista za omu mia moja, vile vipuri vidogo vya kuzuia umeme. Mkono mwingine, mrefu kama ufito, ukadaka ncha ya pili.

"Samahani dada, hiyo nimeiona mimi kwanza."

"Macho hayanunui, kaka. Achia!"

"Basi tugawane. Na soda juu yangu."

"Ya baridi?"

"Hata barafu nitakuongezea."

Binti akacheka bila kutaka. Wakapeana majina ya utani: mwenye mkono akawa Mrefu, binti akawa Bibi Waya, na simu zao zikakosa mapumziko. "Umekula?" "Nimekula. Wewe je?" "Nakungoja uniambie nile nini." Upuuzi mtupu, lakini mtamu ajabu.

Kisha kazi ikawakutanisha. Mkunga mkuu wa kliniki ya uzazi aliagiza atengenezewe mashine ya kutazama watoto tumboni. Bibi Waya akapewa bodi ya kutuma picha, Mrefu bodi ya kuipokea, na kati yao kebo, nayo ya Bibi Waya. Humo picha husafiri kasi sana kwenye jozi ya nyaya: umeme wa mmoja ukipanda, wa mwenzake unashuka. Mwisho wa jozi lazima iwepo rezista ya kuyapokea mawimbi, la sivyo yanagonga na kurudi yalikotoka, na picha inavurugika. Rezista moja tu. Ila ikae wapi? Hapo walibishana simuni kila jioni.

"Weka kwenye bodi yako, mpenzi, jirani kabisa na chipu inayopokea."

"Bodi yangu imejaa, laazizi. Weka kwenye plagi ya kebo yako."

"Plagi iko mbali."

"Vidole viwili tu!"

"Mbishi wewe!"

"Nimejifunza kwako."

Hawakufikia mwafaka. Siku ya kuunganisha, picha ilitoka hafifu, chenga tupu, ikawa inakatikakatika. Mkunga akakunja uso. "Wanangu, mimi nataka kumwona mtoto, siyo mvua. Ijumaa isipokaa sawa, kazi nampa mwingine."

Jasho likamtoka Mrefu. "Nguvu inayotoka upande wa pili ni ndogo, mama," akasema.

Upande wa pili! Asubuhi alikuwa laazizi, mchana kawa upande wa pili. Bibi Waya alikusanya vifaa vyake akaondoka bila kuaga. Mrefu akapiga simu, ikalia weee, haikupokelewa.

"Mpokelee mwenzio," mama mdogo wa Bibi Waya alimwambia nyumbani, akikunja nguo.

"Amenidhalilisha mbele ya mteja, mama mdogo."

"Kwani alichosema ni uongo?"

"Sijui."

"Fundi mzima, hujui? Ulipima?"

Hakuwa amepima. Aliona aibu mpaka masikioni. Na chini ya ile aibu kulikuwa na hofu: akimpoteza Mrefu kwa hasira za mchana mmoja, atamlaumu nani?

Alhamisi asubuhi akaenda karakana ya Mrefu, mashine ilikokuwa. Alivaa gauni la bluu alilolipiga pasi mara mbili, huku akijiambia ni nguo ya kazi tu. Mrefu alimfungulia, macho yamemvimba, shati limefungwa vifungo upogo.

"Karibu."

"Nimekuja kupima, sikuja kukaa."

Akagusisha skopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, mwisho wa jozi. Mawimbi yalirudi kidogo tu, ila kimo chake kilikuwa nusu. Nusu hasa. Akazima umeme, akachomoa kebo, akapima bodi ya Mrefu peke yake. Omu mia.

"Mrefu! Umeweka rezista kwenye bodi yako?"

"Si ndivyo ulivyotaka? Nilihamisha vipuri vyote mpaka nikaipatia nafasi. Nilitaka nikushangaze."

"Mama yangu weee!" Akafungua plagi ya kebo yake. Rezista nyingine ilikuwa humo, imelehemiwa vizuri. "Na mimi niliweka ulipotaka wewe!"

Wakatazamana. Rezista mbili zilikuwa zimegawana mzigo wa moja na kuimeza nusu ya nguvu. Kila mmoja alimkubalia mwenzake, na hakuna aliyefungua mdomo kusema.

"Nisamehe," Mrefu akasema. "Niliogopa kazi itapotea, nikakutosa wewe."

"Nami nilikimbia bila kupima. Fundi gani huyo?" Akashusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka. Akawasha pasi ya kulehemu. "Yangu ndiyo inatoka. Jirani na chipu, si nilisema?"

"Ulisema, mkubwa."

Ijumaa, kliniki ilijaa mama wajawazito. Kwenye kioo akatokea mtoto, amejikunja, ananyonya kidole. "Huyo hapa!" Mkunga akapiga makofi, na mama aliyelala kitandani akalia kwa furaha.

Bibi Waya alikuwa bado anafuta machozi yake simu ilipolia. Mrefu alikuwa koridoni, hatua chache tu.

"Mama yako mdogo anapokea wageni lini?"

"Wageni wa nini?"

"Wa posa."

Akaegemea ukuta. "Jumapili."

"Ina maana umekubali?"

Karibu aitikie kwa kichwa, kisha akakumbuka kuwa Mrefu hamwoni. Akafungua mlango wa koridoni, simu ingali sikioni.

"Nimekubali," akasema kwa sauti, hata wajawazito wakageuka. "Umesikia? Nimekubali!"