Nguo za Mzee Amri
Siku hizo za mashamba ya karanga ya Waingereza, soko la Nachingwea lilijaa watu hata pa kukanyaga hapana. Swalehe, askari jela, kaptura yake ya kaki imenyooka kwa pasi ya mkaa, alikuwa anasimamia wafungwa wanaofagia. Akaukanyaga ungo wa ufuta.

"Wewe kaka! Wafungwa unawaona, ungo wangu huuoni?"

Akageuka. Binti kajifunga kaniki mpya, kipini puani, hasira yenyewe ya kucheka.

"Nisamehe, dada. Au nifunge."

"Nikufunge wapi? Kwetu Mandawa hakuna jela."

"Hata jikoni kwenu panatosha."

Huyo ndiye Mwantumu. Haikupita miezi mitatu, baba yake, mzee Amri, akapokea posa. Tangu hapo Swalehe akikutana na mzee huyo njiani alipisha, akachuchumaa, macho chini. Mkwe haangaliwi ovyo.

Kisha wakubwa wa serikali wakaamuru wanaume wa Mandawa wakachonge barabara, wiki ile ile ya kupalilia. Mzee Amri akakataa. Miezi miwili jela.

Alipoingizwa, zamu ilikuwa ya Swalehe. Sheria ya jela, mfungwa mpya avuliwe nguo zote apekuliwe.

"Bwana, huyu ni mkwe wangu."

Bwana Jela, mkuu wa gereza, hakuinua hata uso kwenye chai yake. "Hapa hakuna wakwe. Hutaki, Ildefonsi yupo."

Ildefonsi, askari mwenzake, alizoea kupekua kwa mateke. Swalehe mwenyewe akamvua mzee, polepole, uso kaugeuzia ukutani.

Kesho yake Mwantumu alikuja getini.

"Umemvua baba yangu, Swalehe!"

"Ildefonsi angemvunja mbavu, Mwantu."

"Kazi yako hiyo, lala nayo!"

Miezi miwili ikaisha. Mzee akatoka, na Mwantumu akarudi pale getini, safari hii sauti iko chini.

"Baba kasema ulimsitiri. Hana kinyongo."

"Basi tuoane, mwenzangu."

"Kasema ungekuwa mtu baki, angekualika ule naye. Ila mkwe aliyemvua nguo, hawezi kukaa naye jamvi moja. Kila akikuona atajiona yuko uchi."

"Na wewe?"

Mwantumu alimfunga kifungo cha kola kilichokuwa kimefunguka, akakipapasa kidogo, akashika njia ya kwao Mandawa.

Ndani kengele ikagongwa. Wafungwa wapya wameletwa, na wakubwa hawapendi kungoja. Swalehe akaenda kuwavua.