Dawa ya Moshi

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kati ya gari-nyumba na lori la saruji, kofia yake ikiwa juu ya ngazi ya mlango. Madereva waliokuwa wakipasha injini walikuwa wamezizima, nayo maegesho ya malori kwenye barabara ya kutoka Bukavu kwenda Nyangezi yalikuwa kimya. Saa mbili na nusu asubuhi. Jua lilikuwa limeshapanda.

Inspekta Domitille Maombi alishuka kwenye jipu, akavaa glavu, akachuchumaa. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na hakuwahi kuharakisha dakika tano za kwanza.

"Jina?"

"Edouard Akonkwa, miaka hamsini na mbili," alijibu Dany, msaidizi wake. "Dereva wa hii kliniki. Pigo moja kisogoni. Spana ya magurudumu iko pale chini ya tairi. Imepanguswa, haina alama za vidole."

"Pochi?"

"Iko mfukoni. Na simu. Hawakuchukua kitu."

Gari-nyumba hilo lilijulikana kwa kila mtu kwenye barabara ile. Watu wa Ulaya waliwahi kulitumia kwa likizo, kisha chama kimoja cha parokia kikalileta Kivu. Kitanda cha wageni kikawa kitanda cha kuzalia, friji ya vinywaji ikawa friji ya chanjo. Edouard ndiye aliyekuwa akilipeleka kwa akina mama wa milimani.

Mbele ya mlango palikuwa na viti viwili vya plastiki na vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa kitupu. Cha pili hakikuguswa.

"Muuaji alikaribishwa," Domitille alisema.

Kando ya maiti, dumu la lita kumi lilikuwa limepinduka. Kimiminika kisicho na rangi kilikuwa kimerukia ubavu wa lori la saruji na kukauka, kikaacha vitone vyeupe vinavyometameta kama chumvi. Vilitapakaa usawa wa kifua, kushoto na kulia. Katikati hapakuwa na hata kimoja. Nafasi hiyo ilikuwa na upana wa mabega ya mtu.

"Dany, simama hapa. Geuka. Unaona? Edouard alikuwa akimimina. Alipopigwa, dumu likamponyoka mikononi. Aliyekuwa nyuma yake alilikinga lori. Huyo tunayemtafuta ana weupe huu kwenye nguo zake."

"Atakuwa ameshazifua."

"Kama anajua ni kitu gani. Kikiwa kibichi kinafanana na maji."

Aliyeikuta maiti alikuwa Mama Fabiola, mwenye duka la vilainishi na matairi pale maegeshoni. Alikuwa ameketi juu ya tairi, kitenge amekishika mdomoni.

"Ni mimi nilimuuzia ile dumu, maman. Saa kumi na mbili kasoro. Ilikuwa na cachet yake, muhuri haijakatwa."

"Ina nini ndani?"

"Dawa ya moshi. Magari ya kisasa inaomba hiyo. Mafuta ya mazout unaweka fasi yake, hii unaweka fasi yake, kwa kifuniko ya bleu. Ukikosa kuweka, ao ukiweka maji, gari inajua. Inakata nguvu. Inatembea kama mugonjwa."

"Edouard aliichukuaje?"

"Alifungua mbele yangu. Akatia tone moja mu kifuniko, akaweka fasi ya moto kwa injini, akangoja ikauke. Ikabakia nyeupe. Akasema, hii ni ya kweli, Mama Fabi. Tangu ule bibi alikufa, hakuamini tena dumu za bureau ya chama. Alikuwa anapima zote."

"Bibi gani?"

"Joviale, wa Nyangezi. Wiki tatu sasa. Alizaa vizuri, kisha damu ikakataa kusimama. Edouard akamubeba kwenda hospitali. Mu mulima gari ikakata nguvu. Ilipita hapa inavutwa na lori. Mutoto alipona. Mama yake, hapana."

Domitille alingoja hadi mwanamke yule akamaliza kujifuta macho.

"Na leo chai alikunywa na nani?"

"Mwanaume mumoja wa koti nyeusi. Alikuja na moto, pikipiki. Sikumuona uso. Edouard alivua kofia, kama vile tunavua kwa kilio. Mimi nikarudi ndani kuhesabu matairi. Nikatoka, nikamukuta chini."

Ndani ya gari, kila kitu kilikuwa safi. Katika friji, nyuma ya chanjo, Domitille alikuta chupa ya nusu lita iliyofungwa kwa utepe. Juu yake, kwa mwandiko wa mtu asiyeandika mara kwa mara: *Imetolewa kwa tangi siku ile Joviale alikufa. Mbele ya Adélaïde.*

"Adélaïde ni nani?"

"Muuguzi wake," Dany alisema. "Jana jioni alishukia hapa, akapanda pikipiki hadi nyumbani. Nimeshampigia. Anakuja kituoni."

"Vizuri. Hii chupa ni kielelezo. Itie muhuri. Sasa twende kwa wanaonunua madumu ya bureau."

*

Ofisi ya chama ilikuwa katika nyumba ya ghorofa moja huko Nyalukemba, mjini Bukavu, yenye bustani inayotelemka hadi ziwani. Mkuu wa ugavi, Apollinaire, aliwapokea kwa kanzu ya misa. Alikuwa kanisani tangu saa kumi na mbili, alisoma somo la kwanza, na watu mia mbili walimwona. Domitille hakuhangaika na hilo.

"Edouard alikuwa mtu wa namna gani?"

Apollinaire alitikisa kichwa kwa huzuni. "Marehemu hasemwi vibaya, maman inspecteur. Lakini alikuwa na kasoro. Dawa ya moshi ninayomupa, alikuwa anaiuzisha njiani. Halafu anaweka maji. Njo maana ule bibi alifia mu njia."

"Ulimshitaki?"

"Nilimuhurumia. Ni baba wa watoto."

"Nani mwingine anajua?"

"Watu wote wanajua."

"Mimi sikujua. Muuguzi wake hajui. Mama Fabiola hajui. Ulimwambia nani?"

Apollinaire alirekebisha kanzu yake. "Bwana wa ule bibi Joviale. Destin Zagabe. Mwalimu wa Nyangezi. Alikuja hapa juzi kuuliza juu ya nini gari ilisimama. Ningemudanganya?"

"Nionyeshe ghala."

Madumu sita yalikuwa yamepangwa kwenye rafu. Domitille aliinua la kwanza. Muhuri ulikuwa umekatwa na kubandikwa tena kwa gundi. Alifungua, akamimina tone kwenye bamba la bati, akamwomba mpishi wa ofisi alishikilie juu ya makaa.

Tone lilitoa mvuke, likakauka. Bati likabaki safi, kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu.

Alijaribu la pili. La tatu. La sita.

"Edouard alikuwa akiingia humu?"

Apollinaire alianza kufunga vifuniko vya madumu.

"Ufunguo uko kwa nani?"

"Kwa mimi."

"Ni mmoja tu?"

"Mumoja."

"Dany, kaa naye. Asipige simu. Nitarudi kumsikiliza akiwa na kiu ya kusema."

*

Destin Zagabe aliishi nyuma ya shule, Nyangezi, na Domitille alifika huko na askari wawili. Mama yake mzee alikuwa uani akimbembeleza kitoto kichanga cha kike. Mwalimu mwenyewe alikuwa sebuleni, akisahihisha madaftari. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka thelathini, macho mekundu. Aliinuka kwa heshima.

"Karibu, maman."

"Pole kwa msiba, mwalimu."

"Asante."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Najitayarisha kufundisha."

"Pikipiki ya uani ni ya nani?"

"Ya mudogo wangu. Nayitumia kidogo kidogo."

Koti jeusi lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa mlango. Mkono wa kulia na upande wa kifua vilikuwa na vitone vyeupe. Domitille hakulishika. Alilitazama tu mpaka Destin naye akalitazama.

"Ni nini hiyo?"

"Craie. Mimi ni mwalimu."

"Chaki. Sawa. Niletee kipande cha chaki na glasi mbili za maji."

Destin alileta. Alisogeza madaftari, akaziweka mezani. Domitille alikwangua chaki kwenye glasi ya kwanza. Maji yakageuka maziwa. Kisha, mbele ya wale askari wawili wa kushuhudia, akakwangua vitone vitatu tu vya kotini juu ya glasi ya pili; vingine vyote aliviacha kwa maabara. Unga mweupe uligusa maji, ukazama, ukayeyuka. Glasi ilibaki angavu.

"Chaki haiyeyuki namna hii, mwalimu. Hii ni dawa ya moshi. Maabara itaniandikia karatasi, lakini mimi na wewe hatuna haja ya kuingoja."

Kule uani, mtoto alilia mara moja akanyamaza. Destin aliketi.

"Sikwenda kumuua," alisema. "Nilienda kumuuliza."

"Nieleze."

"Ule Papa Apollinaire aliniambia dereva aliweka maji. Nililala siku mbili na hiyo neno. Leo nikamukuta kwa parking. Akanikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanipa chai. Nikamuuliza, kulikuwa maji mu tangi siku ile? Akasema, ndiyo, mwalimu, yalikuwa maji. Akasema vile, pole pole, kama muntu anasema bei ya chumvi."

"Kisha?"

"Akasema, ngoja nijaze kwanza, halafu nikupeleke kwa Adélaïde, tutakueleza yote pamoja. Akanigeuzia mugongo. Akaanza kumimina ile dawa. Nikamuona anamimina, maman. Leo alikuwa nayo. Kwa bibi yangu alikuwa hana. Spana ilikuwa pale kwa mulango." Alifunika uso. "Nikasikia nguo inalowa. Nikafikiri ni maji."

Domitille alimwacha alie. Alipomfunga pingu, alimfunga mikono mbele, ili aweze kumshika mtoto kabla ya kuondoka.

*

Apollinaire alipoketi mezani kituoni jioni hiyo, alikuta madumu sita yamepangwa mbele yake, pamoja na chupa ya nusu lita.

"Muhuri huu uliubandika wewe?"

"Kila muntu anaweza kubandika."

"Alama zako za vidole ziko ndani ya gundi. Dawa ya kweli ilikwenda wapi?"

Alitazama dirisha, akatazama mlango. "Malori ya shemeji yangu," alisema hatimaye. "Analeta bidhaa toka Uvira. Alikuwa ananiomba. Ni yeye alinisomesha, singeweza kumukatalia. Nikafikiri gari ya kliniki haitajua."

"Ilijua."

"Ilijua."

"Edouard alikwambia?"

"Siku ya maziko ya Joviale. Alisema ana chupa. Alisema mecanicien wa Kigali anakuja Jumatatu kusoma mémoire ya ile moteur, kumbukumbu ya injini inayoonyesha siku iliwekwa maji, na yeye atamupa hiyo chupa."

"Na mwalimu alipokuja kukuuliza, ukamtaja Edouard."

"Nilitaka tu watu wamuchukie. Kama wanamuchukia, hawamusikii. Sikumutuma muntu kuua."

"Hukumtuma. Ulimwelekeza." Domitille alisukuma karatasi. "Sahihi hapa. Ya wizi wa vifaa vya kliniki, na ya kusababisha kifo cha Joviale. Maneno yako kwa mwalimu, mwendesha mashitaka atayatafutia jina."

Alitia sahihi bila kusoma.

Sasa ilibaki kazi moja, na Domitille hakuipenda. Angeweza kumwachia hakimu. Aliingia na Adélaïde, muuguzi wa makamo mwenye sauti ya chini, katika chumba alimokuwa Destin, akaweka maelezo ya mwalimu mezani.

"Kabla hujatia sahihi, msikilize huyu mama."

Adélaïde hakuketi.

"Mwalimu, siku ile gari ilipokata nguvu, Edouard aliniachia volan, nishike usukani. Alikimbia kwa miguu, kilometa mbili kupanda, mpaka kwa parking, akaleta lori ikatuvuta. Tukafika hospitali, damu ya Joviale imeisha. Wakatafuta ya aina yake, haipo. Edouard akasema, ya kwangu ni hiyo. Akalala hapo pembeni yake, wakamutoa. Damu ya mwisho iliyoingia kwa bibi yako ilikuwa ya Edouard. Maji hakuyaweka yeye. Aliyagundua. Njo hiyo alitaka kukueleza mbele yangu. Alisema, nikimwambia peke yangu, atafikiri najitetea."

Destin hakulia tena. Aliitazama karatasi, midomo yake ikifuata mistari kama mtu anayesoma daftari la mwanafunzi. Kisha akanyoosha mkono, akaomba kalamu.

Palipoandikwa *nilimpiga dereva aliyesababisha kifo cha mke wangu*, alikata mstari mmoja ulionyooka. Juu yake aliandika, kwa herufi za ubaoni zilizo wazi: *nilimuua Edouard Akonkwa, aliyempa mke wangu damu yake.*

Akaweka tarehe, akatia sahihi, akamrudishia Inspekta kalamu.